Ziwa Halitaki Nguvu, Lataka Mkono Uliofunzwa

Muhula huu mabishano yamekuwa makali katika mabweni yetu juu ya mchezo upi ufaao kuongezwa hapa shuleni. Wako watakao mpira wa kikapu, wako watakao ngumi, na wako wasemao kwamba mpira wa miguu watosha. Mimi naomba nafasi katika gazeti letu niutetee mchezo ambao sijasikia ukitajwa na mtu hata mmoja, ingawa uwanja wake tumeukuta umekwisha kutengenezwa na Mwenyezi Mungu, wala hauhitaji kufyekwa majani au kupigwa chokaa. Nasema juu ya kuogelea. Wala si kule kurukaruka ufukoni, bali kuogelea masafa marefu kwa mtindo huru, yaani ule mtindo ambao mwogeleaji hulala kifudifudi akarusha mkono mmoja baada ya mwingine mbele ya kichwa chake.

Neno langu ni moja. Katika maji, aendaye mbali si mwenye nguvu nyingi, bali mwenye mkono uliofunzwa. Na kwa kuwa mkono hufunzwa kama vile mwandiko ufunzwavyo, shule za kandokando ya ziwa zina wajibu wa kuufunza.

Sisi watu wa Mara twajiita watu wa ziwa, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mji wa Musoma umejengwa juu ya rasi, maji yakiuzunguka. Wilaya ya Bunda, ingawa mji wake uko katika barabara kuu iendayo Mwanza, ina vijiji vingi vya wavuvi ufukoni. Kijiji cha Butiama kiko mbali kidogo na ufuko, na wenzetu watokao huko husema kwa mzaha kwamba wao hawayajui maji ila ya ndoo. Lakini hata wao hula sangara na dagaa wa ziwani, na siku moja hupanda mtumbwi kwenda kumzika ndugu kisiwani. Hata hivyo, kukaa karibu na maji si kuyajua maji. Nyani hukaa karibu na shamba la mahindi miaka yote, wala hajui kulima.

Mtazame kijana wa kwetu anapoogelea karibu na mwalo, kama pale Mwigobero. Hujitupa majini kwa ushujaa, huinua kichwa juu kama kobe atazamaye njia, huyachapa maji kwa viganja kwa kishindo kikubwa, na miguu yake huzama chini. Katika mita 20 za kwanza hakuna wa kumkamata. Akifika mita 50 pumzi zimekwisha, mikono imekuwa mizito kama magogo, naye hugeuka akihema. Watazamaji humwambia, "Huna nguvu, nenda ukale ugali!" Mimi nasema nguvu anazo, tena nyingi. Kilichopungua ni ufundi.

Wanafunzi wa fizikia watanielewa upesi. Kwa ujazo ulio sawa, maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi. Tena, kule kuzuia kwake hakuongezeki sawasawa na mwendo. Ukitaka kwenda kasi mara mbili, maji hukuzuia kwa kani mara nne hivi, na kazi uifanyayo kila sekunde huwa mara nane. Basi mtu aongezaye nguvu tu, bila kupunguza kule kuzuiliwa, ni kama mfanya biashara ambaye faida yake yote yaishia katika ushuru. Mwenye akili hutafuta kwanza njia ya kupunguza ushuru: huunyosha mwili wake ili maji yaupishe.

Wavuvi wetu wayajua mambo haya tangu zamani. Mtumbwi ukipakiwa mzigo wote nyuma, mbele huinuka, nyuma huzama, na wavuta makasia huchoka bure. Mwili wa mwogeleaji nao ni mtumbwi. Ukiinua kichwa, miguu hushuka. Ukiulaza uso majini ukatazama chini, miguu hupanda yenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka mwendo wa majini sharti auinamishe uso.

Kadhalika na kasia. Hakuna mvuvi avutaye maji kwa kasia lililolazwa. Hulisimamisha ndani ya maji, ubao wake ukitazama nyuma, ndipo avute. Mwogeleaji stadi afanya vivyo hivyo. Mkono ukisha kuingia majini mbele ya bega, kiwiko hubaki juu, karibu na uso wa maji, na kiganja pamoja na mkono mpaka kiwikoni huelekea chini, vikawa kasia moja pana. Hapo ndipo huvuta kwenda nyuma mpaka karibu na paja. Asiyefunzwa huangusha kiwiko kwanza, na kiganja chake husukuma maji kwenda chini badala ya nyuma. Basi mwili hupanda na kushuka kama ndoo kisimani, wala hauendi mbele.

Kuna na jambo la pumzi. Mwogeleaji wa masafa marefu hainui kichwa ili apate hewa. Mwili wake wote hujigeuza kidogo ubavu huu na ubavu huu kwa kila mkono, na kichwa hufuata, hata mdomo ukatokea pembeni huku nusu ya uso ikiwa bado majini. Hewa ya zamani huitoa polepole akiwa chini ya maji. Akigeuka, kazi yake ni kuvuta tu. Miguu nayo haichapi ovyo, maana miguu ina misuli mikubwa na hula pumzi nyingi. Wengi wa masafa marefu hupiga miguu mara mbili tu kwa kila mzunguko wa mikono miwili, nayo nguvu iliyobaki huiweka akiba kwa ajili ya mwisho wa safari.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Mwendo wa mwogeleaji ni umbali auendao kwa mkono mmoja, mara idadi ya mikono yake kwa dakika. Tuseme Juma hurusha mikono 60 kwa dakika, na kila mkono humsogeza mita 0.8. Atakwenda mita 48. Magesa hurusha mikono 50 tu, lakini kila mkono humsogeza mita 1.2. Atakwenda mita 60. Juma amefanya kazi mara nyingi zaidi, tena ameachwa mita 12 kwa dakika moja. Katika dakika 20 ameachwa mita 240. Hapo ndipo ionekanapo maana ya kufunzwa.

Lakini msidhani kwamba kila mtu apaswa kuwa na mikono michache mirefu. Mabingwa wenyewe wamefika kwa njia mbili. Grant Hackett wa Australia, mtu mwenye urefu wa karibu mita mbili, alikuwa na mkono mrefu uendao kwa utulivu. Alishinda mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2000 na ya 2004, na rekodi yake ya dunia ya mwaka 2001, dakika 14 na sekunde 34.56, ilikaa miaka 10. Janet Evans wa Marekani alikuwa binti mfupi, mwembamba, naye alirusha mikono iliyonyooka upesi upesi kama mapanga ya kinu cha upepo. Walimu wengi wangalitaka kumrekebisha. Hata hivyo rekodi yake ya mita 800 ya mwaka 1989, dakika 8 na sekunde 16.22, haikuvunjwa mpaka mwaka 2008. Mrefu na mfupi, wa polepole na wa upesi, wote wawili walikuwa na jambo moja: mkono wao ulishika maji kweli kweli, nao waliweza kuurudia ule ule mara elfu bila kuuharibu. Huo ndio ufundi. Kwa hiyo asiwepo mwanafunzi wa kusema, "Mimi mfupi, si wa mchezo huu."

Twaweza kujiuliza kama mambo haya ni ya watu wa mbali tu. La. Mtazameni Oussama Mellouli wa Tunisia, Mwafrika mwenzetu. Mwaka 2008 mjini Beijing alishinda medali ya dhahabu ya mita 1,500 katika bwawa. Mwaka 2012 mjini London alishinda dhahabu nyingine katika kilomita 10, mbio za maji ya wazi zilizofanyika katika ziwa la bustani ya Hyde Park. Alitumia saa 1, dakika 49 na sekunde 55.1. Pigeni hesabu, mtaona kwamba kila mita 100 aliimaliza kwa sekunde 66 hivi, na hivyo mara mia moja mfululizo. Ni mwendo wa kilomita tano na nusu kwa saa. Mtu wa kawaida akitembea ufukoni ingempasa aharakishe hatua ili asiachwe. Yeye alikuwa mtu wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki katika bwawa na katika maji ya wazi pia.

Maji ya wazi ndiyo yanayotuhusu sisi. Huko hakuna mstari mweusi wa kukuongoza chini, wala ukuta wa kujisukumia. Mawimbi hukatiza mkono mrefu unaoteleza, kwa hiyo wengi wa huko hupunguza kuteleza na kuongeza idadi ya mikono. Mara kwa mara huinua macho kidogo tu juu ya maji, kama mamba, waone waendako, kisha huurudisha uso chini. Mwenye kujua Ziwa Victoria, jinsi linavyotulia asubuhi na kuchafuka baadaye upepo ukivuma, ataona kwamba somo hili ni letu hasa.

Wengine watasema kwamba huu ni mchezo wa Wazungu. Historia yawakanusha. Mwaka 1844 Wahindi Wekundu wawili kutoka Amerika ya Kaskazini waliogelea mjini London kwa kurusha mikono juu ya maji. Waliwashangaza Waingereza kwa kasi yao, lakini watazamaji waliwacheka kwa vile walivyorusha maji, wakaendelea na mtindo wao wa chura. Mwanzoni mwa karne ya 20 kijana Alick Wickham, mzaliwa wa Visiwa vya Solomon, aliwaonyesha watu wa Sydney mtindo wa kwao, na huko Australia ukaanza kuigwa na kutengenezwa. Basi mtindo huu walikuwa nao watu wa visiwani na wa kandokando ya maji kabla haujapewa vitabu na saa za kupimia. Wenzetu waliuchukua, wakaupima, wakaufundisha. Tofauti yao na sisi ni kule kufundisha.

Na faida ya kufundisha ilionekana wazi katika mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Mwaka 1875 Kapteni Matthew Webb aliuvuka kwa mtindo wa chura, akatumia saa 21 na dakika 45. Alikuwa mwanamume shupavu kweli. Mwaka 1926 Gertrude Ederle, msichana wa Marekani mwenye umri wa miaka 20, aliuvuka kwa mtindo huru kwa muda wa saa 14 na nusu hivi, akawashinda wanaume wote waliomtangulia kwa karibu saa mbili nzima. Wavulana wenzangu na walifikirie jambo hili kabla ya kuwaambia dada zetu kwamba maji si mahali pao.

Mpaka hapa nimesema juu ya mabingwa. Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya medali tu. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Na Julai 30, 2023, hapa kwetu, katika Wilaya ya Bunda, mitumbwi miwili ilizama ikiwa na watu waliotoka kanisani, na zaidi ya watu 10 wakafa maji. Sitaki kusema kwamba marehemu hao wangalipona kama wangalijua kuogelea. Aliyefungiwa ndani ya meli iliyopinduka hana nafasi ya kunyosha mkono, na dawa ya kwanza ya ajali hizo ni kuacha kupakia watu kupita kiasi na kuvaa maboya. Nasema tu kwamba yupo mtu ambaye huanguka kutoka mtumbwini mita 100 kutoka ufukoni, kweupe, akiwa mzima. Naye hufa kwa sababu alitumia nguvu zake zote katika mita 30 za kwanza, kichwa juu, akiyapiga maji. Huyo ndiye nimwandikiaye. Mkono ule ule uliompa Mellouli dhahabu waweza kumrudisha huyo kwa mama yake.

Husemwa na wazee kwamba afaye maji ni yule ajuaye kuogelea. Nawaheshimu wazee wangu, na neno lao lina ukweli: mwenye kujivuna huenda mbali kuliko uwezo wake. Lakini anayefunzwa kwa mpango hufunzwa pia kujua mpaka wake, kulala chali akapumzika, na kutolidharau ziwa.

Wazazi nao watauliza juu ya mamba, viboko na kichocho. Ni maswali ya haki. Viboko na mamba wapo, hasa penye matete na karibu na Mto Mara unapoingia ziwani, wala hakuna ufundi wa mkono umshindao mamba. Kichocho nacho huingia kwa ngozi, na konokono wake hupenda maji yaliyotulia penye majani. Kwa sababu hizo siwaiti wanafunzi waende ziwani peke yao. Tena namwomba kila asomaye maneno haya asiende. Naomba mahali pachaguliwe pamoja na wavuvi wapajuao na watu wa afya, pasipo na majani, maji yafike kifuani tu, kuwe na kamba, mtumbwi wa kulinda na mwalimu ufukoni, na dawa ya kichocho imezwe kwa wakati wake.

Na hata kabla ya kugusa maji kazi yaweza kuanza. Mkono huu hufunzwa nchi kavu. Mwanafunzi hulala kifudifudi juu ya benchi, mabega yakitokeza mbele, akarusha mikono polepole huku mwenzake akiangalia kama kiwiko kimebaki juu. Beseni la maji latosha kufundishia pumzi: uso ndani, toa hewa; geuka, vuta. Hayo hayataki bwawa wala fedha za wahisani. Mtoto wa Butiama ambaye hajawahi kuingia ziwani, na mtoto wa Musoma azoeaye kulichapa, wote wataanza darasa moja. Nami nadhani yule wa Butiama atatangulia kufaulu, kwa kuwa hana tabia mbaya ya kuisahau.

Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri mwili mzima, katika mahali ambapo zamani wengi walidhani haiwezekani. Kama wao wameweza kupatanisha maji na heshima, sisi twashindwa na nini?

Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Tanzania iliwakilishwa katika kuogelea na Collins Saliboko katika mita 100 na Sophia Latiff katika mita 50. Twawapongeza kwa moyo. Lakini hizo ni mbio fupi. Katika Olimpiki hiyo hiyo Bobby Finke wa Marekani alimaliza mita 1,500 kwa dakika 14 na sekunde 30.67, akaweka rekodi mpya ya dunia. Mbio ndefu hutaka uvumilivu wa miaka, na uvumilivu hatuukosi: hapa kuna vijana wavutao makasia usiku kucha. Sitabiri kwamba mmoja wao atamshinda Finke. Nasema tu kwamba hatutajua kamwe kama hatujawafunza.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipotoa azimio lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule imtayarishe mtoto kwa maisha ya mahali atakapoishi. Sisi twaishi kando ya ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika. Twajua kuchora ramani yake na kutaja mito iingiayo humo. Kwa nini tumalize Kidato cha Nne bila kuweza kukaa ndani yake kwa dakika kumi?

Kwa hiyo natoa ombi kwa Mkuu wa Shule, kwa walimu wetu na kwa Bodi ya Shule: mwakani Kidato cha Kwanza kianze somo la benchi na beseni, mara moja kwa juma, jioni ya michezo. Mwaka wa pili waingie majini kwa masharti niliyoyataja. Na kabla ya kuondoka shuleni, kila mwanafunzi, mvulana na msichana, awe ameelea chali dakika kumi na kuogelea mita 200 kwa utulivu, mikono yake ikihesabiwa. Anayetumia mikono michache kuliko muhula uliopita, huyo apewe zawadi, hata kama ametanguliwa na wenzake wote.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye mawazo mengine, hasa wale ndugu wa ngumi na wa mpira wa kikapu, na aandike katika toleo lijalo. Nitamsoma kwa furaha.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita